Kura Kumi na Moja Zilizopungua

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi ya chama lilikuwa kuandika ripoti nzuri.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaoingia kazi hii sasa, makatibu wa matawi wenye simu mbili na fulana mpya, mtaambiwa kwamba makosa ni kuchelewa vikao, kulewa wakati wa kampeni na kubishana na wakubwa. Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilifika mapema, sinywi, na mkubwa akianza kunikemea nilikuwa nimeshaomba radhi kabla hajamaliza sentensi. Mimi niliharibu kwa usafi wa kazi.

Nina miaka thelathini na minne na nimeshastaafu. Msicheke. Nilikuwa katibu wa tawi upande wa Butiama kwa miaka tisa, nikaacha, na sasa natengeneza simu Kamunyonge, mjini Musoma. Mteja akiniletea simu iliyoingia maji naifungua, naikausha, naifunga, halafu naifungua tena kwa sababu siamini kama nimeifunga vizuri. Hivyo ndivyo nilivyo. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa na watu.

Kazi hii hakuna aliyenipeleka kuisomea. Semina zilifanyika Bunda, walienda wenye ndugu. Mimi nilinunua kitabu cha kanuni kilichochakaa, hakina jalada, nikakisoma mara tatu huku nikipigia mistari. Nilijifunza kuandika muhtasari kwa kunakili mihtasari ya zamani iliyoachwa kwenye kabati la ofisi. Doa moja la wino likiingia, nilirudia ukurasa mzima. Kulikuwa na dada mmoja wa steshenari kule Mwisenge aliyekuwa akinichapia. Siku moja nimemrudishia karatasi ileile mara ya nne kwa sababu ya nafasi kati ya mistari, akanitazama na kuniuliza, "Katibu, hii ni ripoti ya tawi au barua ya posa?" Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilicheka nao, na usiku nikawaza kama kweli nafasi ile ilikuwa imekaa sawa.

Aliyenifundisha kazi ya kweli, ile isiyo kwenye kitabu, ni Mzee Magesa. Alikuwa balozi wa shina. Shina ndiyo ngazi ya chini kabisa ya chama, nyumba chache zinazofahamiana mpaka majina ya ng'ombe, na balozi ndiye mwenye mlingoti uani kwake, bendera juu. Bendera ya Mzee Magesa ilikuwa imepauka mpaka mgeni asingejua rangi yake ya kwanza. Kila mwaka nilimwambia nitamletea mpya, na kila mwaka alikataa. Alikuwa anasema, "Siku nikifa mnifunike hiyo hiyo. Tumezeeka pamoja." Alisema kama utani, lakini mkewe, Mama Wakuru, hakuwa anacheka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maagizo.

Mambo aliyonifundisha yaandikeni mahali. Ukiingia kwenye mji wa mtu, usitaje uchaguzi kabla hujauliza habari za mihogo na mifugo, na ukiuliza, subiri jibu lote. Ukipewa kiti cha kukunja kilichofutwa vumbi, wewe ni mgeni na hutaambiwa kitu. Ukipewa kigoda karibu na jiko, sikiliza. Usiandike mbele ya mtu. Tembea, fika kwenye kona, ndipo uandike. Na usimwamini anayekupigia makofi kwenye mkutano. Mwamini anayekulalamikia nyumbani kwake, maana huyo bado anakuhesabu kuwa wake.

Mengine niliyaona mwenyewe. Fulana ya mgombea wenu mkiikuta imevalishwa sanamu ya kufukuzia ndege kwenye shamba la mtama, nyumba hiyo mmeipoteza kwa msimu huo. Kalenda yenye picha ya kiongozi ikigeuzwa kuelekea ukutani, bado mnaweza kuongea. Bibi mmoja nilimkuta amejifunga kanga ya chama chetu kiunoni na ya chama cha pili kichwani, nikamuuliza, Bibi, sasa sisi tukuelewe vipi? Akasema, "Nielewe kwamba kuna baridi."

Jambo ambalo semina za Bunda hazikufundisha, na nadhani bado hazifundishi, ni namna mtu wa chama anavyokasirika. Hawa wazee wetu wa Butiama, wenye kadi zilizokunjwa ndani ya Biblia, hawahamii upande wa pili. Ukiwaambia wahame watakuona umewatukana. Wakikasirika wanafanya mambo madogo. Mmoja siku ya kura anaumwa malaria, na kesho yake unamkuta analima. Mwingine anaenda kituoni, anachukua karatasi, anaikunja bila alama na kuitumbukiza. Mwingine anawapa kura ya rais na ya mbunge, halafu ya diwani anampa mpinzani ambaye hata jina lake hawezi kulitamka. Akirudi nyumbani anaangalia kama bendera yake imekaa vizuri.

Mwaka wa uchaguzi ninaousimulia hasira ilikuwa na sababu. Wanachama wa kata yetu walipiga kura za maoni ili kumpata mgombea udiwani, na walimchagua Mwalimu Nyangi, mwanamke mstaafu aliyefundisha nusu ya kata kusoma. Hakushinda kwa kubahatisha. Najua kwa sababu nilihesabu mimi, kwenye darasa la shule ya msingi, nikahesabu mara mbili, halafu mara ya tatu peke yangu wengine wakiwa wameenda kunywa soda. Jina likapanda kwenye vikao vya juu. Liliporudi lilikuwa jina la mshindi wa pili, tajiri mmoja wa malori ya mchanga, anayeishi mjini na kuja kwetu kwenye misiba mikubwa. Hatukupewa maelezo. Tulipewa wimbo wa kampeni wenye jina lake.

Kazi yangu ikawa kupita nyumba kwa nyumba na kuwaeleza watu kwamba chama ni kikubwa kuliko mtu. Nilieleza vizuri sana. Mwalimu Nyangi mwenyewe alinisikiliza uani kwake huku anachambua maharage, na nilipomaliza akasema, "Umepangilia vizuri. Ila hujaniambia ni kwa nini." Nikasema nitafuatilia. Sikufuatilia.

Nilikuwa na daftari la tawi, kila nyumba na watu wake. Wino kwa wenye uhakika, penseli kwa wenye mashaka. Usiku wa kuamkia siku ya kura nilijumlisha nikaandika kura ninazotarajia kwenye kituo chetu.

Jioni ya siku ya kura, kabla matokeo hayajabandikwa, nilikaa na Mzee Magesa kwenye jiwe nyuma ya shule. Alikuwa anakata kucha kwa kisu kidogo. Bila kuniangalia akasema, "Mbili nimewapa. Ya tatu nimewapiga kofi." Nilielewa. Akaendelea kukata kucha. "Mwanao ukimpiga kofi hajaacha kuwa wako. Na wewe unajua nilikuwaga sipigi mtoto ovyo."

Basi na mimi nikamwambia. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu tulikuwa peke yetu na yeye alikuwa amenitangulia. Nikasema, hata mimi, Mzee. Kwenye kile kiboksi cha kupigia kura nilisimama muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa, lakini nilikuwa nimehesabu zile kura mara tatu na nilijua nani alishinda. Ile ya diwani nilimpa mpinzani. Mzee Magesa akacheka mpaka kisu kikaanguka. Akasema, "Katibu mzima," na akacheka tena. Sijawahi kuwa na furaha kama ile katika kazi hii.

Matokeo yakabandikwa mlangoni. Kura ya rais ililingana na daftari langu, kura kwa kura. Ya mbunge ililingana. Ya diwani ilipungua kumi na moja. Tajiri alishinda kata nzima bila kutoka jasho. Hizo kumi na moja hazikumpunguzia hata usingizi. Kama mambo yangeachwa hapo, Mzee Magesa angezikwa na bendera yake.

Lakini Katibu wa Kata aliomba maelezo ya upungufu kwa kila tawi. Rafiki yangu mmoja, katibu wa tawi kule Bunda, naye aliombwa hivyohivyo kwenye kata yao, akaandika sentensi moja: mvua ilinyesha. Haikunyesha. Yupo kazini mpaka leo.

Mimi niliogopa. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu baadaye watu walisema nilitumwa, wengine wakasema nilitafuta cheo. Nilikuwa na hofu ya kawaida ya mtu anayejua kwamba moja kati ya zile kumi na moja ni yake. Niliwaza kwamba nikiandika kidogo, wataniangalia mimi. Nikiandika vizuri, kwa urefu, kwa majina, hakuna atakayefikiria kumtazama aliyeshika kalamu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo linanitia aibu zaidi: ile tofauti ilikuwa inaniuma yenyewe, kama tofauti. Daftari langu lilikuwa sahihi mahali pote isipokuwa pale.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nilitumia kila kitu nilichofundishwa. Niliuliza habari za mihogo. Nilisubiri jibu lote. Nilipewa vigoda karibu na jiko. Watu waliniambia, kwa sababu hawakuona kama wana kosa. Walinilalamikia kama mtu anavyomlalamikia ndugu. Mmoja alinipa na viazi vya kubeba. Nilitembea mpaka kwenye kona, nikaandika.

Nilipata majina tisa. La kumi sikuhitaji kulitafuta. Nilikaa nalo siku mbili. Halafu nikaliandika kwa mwandiko uleule: Magesa, balozi. Na mstari wa kumi na moja nikaandika: haijafahamika.

Dada wa Mwisenge aliichapa ripoti bila utani. Alipofika kwenye majina alipunguza mwendo wa vidole, akaniuliza kama nina uhakika haya ni ya kuchapwa. Nilimwambia aangalie tu nafasi kati ya mistari.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya kata. Majina yalisomwa. Wengine hawakuja, wengine walikana, na waliokana waliachwa, kwa sababu kura ni siri na kila mtu pale alikuwa anajua hivyo. Nataka mlione hilo vizuri. Kukana kulitosha. Mzee Magesa alipoulizwa alisimama, akavua kofia, akasema ni kweli.

Katibu wa Kata akauliza ya kumi na moja ni ya nani, maana balozi hawezi kukosa kujua.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele, naandika muhtasari. Niliandika neno "ya" na nikasubiri.

"Yangu ninaijua," Mzee Magesa alisema. "Ya mtu mwingine muulizeni mwenyewe."

Akaketi. Hakuniangalia. Wakamwondoa ubalozi palepale kwa kunyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha, kwa sababu nilikuwa mjumbe.

Bendera haishuki yenyewe. Wakamtuma katibu wa tawi.

Nilienda asubuhi, watu wametoka misa ya kwanza. Mama Wakuru alikuwa anamenya mihogo. Alinitazama, akatazama mfuko mtupu niliobeba, akaelewa. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akaniletea kiti cha kukunja, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Miaka yote ile sikuwahi kupewa kiti kile kwenye mji ule.

Nilitaka kufungua kamba mwenyewe ili niondoke haraka, lakini fundo lilikuwa la zamani, limekaza. Mzee Magesa akatoka ndani, akaniondoa taratibu kwa bega, akaifungua. Bendera ikashuka. Nikaanza kuikunja.

"Usiikunje kama taulo," akasema. "Shika pembe hiyo. Vuta. Sasa njoo kwangu." Tukaikunja wawili, tukikutana na kuachana, kama watu wanaokunja shuka. Ilipobaki ndogo akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayedai.

"Ningekutaja ingekuwaje? Mimi wameniondoa, na wewe wakuondoe, chama kibaki na nani anayejua kuandika?" Akavaa kofia. "Nenda kapeleke. Kazi yako ifanye vizuri kama unavyofanyaga."

Niliwahi kutukanwa kwenye mikutano, nimerushiwa chupa ya maji Bunda stendi. Hakuna lililoingia kama lile, na sijui mpaka leo kama alilisema kwa ubaya. Nadhani hakuwa na ubaya. Nadhani alikuwa bado ananifundisha kazi.

Aliishi miaka mitatu mingine. Kila uchaguzi wa ndani alikuja, akasimama nyuma, kadi mfukoni, akaangalia. Hakwenda upande wa pili, ingawa walimfuata na maneno matamu. Aliwaambia wanywe maji waende.

Alipofariki, Mama Wakuru alinipigia simu mwenyewe. Sauti ilikuwa kavu. "Katibu, mzee wako amepumzika. Ile bendera iletwe."

Nilikwenda ofisi ya kata nimenyoosha shati, nimepanga maneno yangu. Katibu wa Kata alikuwa yuleyule. Alinisikiliza, akasema msaliti hafunikwi bendera, na akarudi kwenye simu yake. Hapo ndipo nikasema. Nilikuwa nimelibeba miaka mitatu, nikadhani litaangusha ukuta. Nikasema ile ya kumi na moja ilikuwa yangu.

Hakuinua hata kichwa. "Tulijua," akasema. "Mtu anayejua kumi kwa majina hashindwi na moja. Lakini ripoti yako ilikuwa nzuri sana, Katibu. Tulikuwa tunawaonyesha wenzako kama mfano."

Nikatoka. Bendera niliiona kwenye korido, nje ya mlango wake. Ilikuwa imetandazwa juu ya betri ya spika za kampeni, pembe moja imeshika mafuta meusi. Korido haikuwa na mtu. Ningeweza kuichukua na kuondoka nayo chini ya shati, na hakuna ambaye angeitafuta. Nilisimama pale kama nilivyosimama kwenye kile kiboksi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimeomba ruhusa, nimenyimwa, nikatii. Nikaenda msibani mikono mitupu.

Walimfunika kwa kitambaa cheupe cha jumuiya ya kanisa. Padri alisema maneno mazuri.  Mama Wakuru aliangalia mikono yangu mara moja tu. Diwani alituma shada la maua na kadi yenye jina lake kwa herufi kubwa. Mwalimu Nyangi aliliweka nyuma ya mashada mengine, likawa halionekani.

Kesho yake nilirudisha muhuri na daftari. Wakaniuliza sababu ya kuacha, kwa maandishi. Niliandika: afya. Ndiyo ripoti fupi kuliko zote nilizoandika, na haikuwa na kweli yoyote.

Sasa ninyi mna kazi hii. Daftari halipo, mnajaza kwenye simu, na mnafika nyumba nyingi kwa siku kuliko nilizofika mimi kwa wiki. Juzi mmoja wenu, kijana wa tawi langu la zamani, alikuja dukani nimbadilishie kioo. Simu ilipowaka alinionyesha shina la Mzee Magesa: kila nyumba ina alama ya uhakika, hakuna hata moja yenye mashaka. Alikuwa na furaha. Nikamuuliza uchaguzi uliopita kituo kile kilitoa nini. Akasema hata yeye haelewi. Watu wote walimwambia ndiyo, na kwenye sanduku chama kilipata chini ya nusu. Akaniuliza kama mimi enzi zangu nilikuwa nafanyaje.

Nilimwambia kioo hicho asikibane mfukoni na funguo.

Kilichobadilika tangu wakati wangu ni hiki. Zamani kwenye shina lile walikupa kigoda wakakwambia wamekasirika na nini. Siku hizi wanakufutia kiti cha kukunja, na kila nyumba inajibu ndiyo.